Saa, Kiatu na Gari Moshi: Sinema Bubu Ipi Uanze Nayo?

Mpwa wangu ana miaka tisa. Usiku ule wa likizo alikuwa ameketi mkekani mbele ya shuka jeupe nililolitundika ukutani, na kwenye shuka hilo mtu mwenye miwani ya duara alikuwa ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa, juu kabisa ya jengo, magari yakipita chini yake kama siafu. "Mjomba, ataanguka?" Sikumjibu. Nilimwambia tu, "Angalia mkono wake wa kulia."

Alikodoa macho, hakuona kitu. Nikamwambia mkono ule hauna kidole gumba wala cha shahada, na alichovaa ni glavu iliyotengenezwa ifanane na ngozi. Akanyamaza. Halafu akaniomba nirudishe nyuma aangalie upya.

Tangu hapo jamaa na marafiki wamekuwa wakiniuliza: mtu ambaye hajawahi kuangalia sinema bubu, yaani zile za zamani zisizo na sauti ya mazungumzo, hata moja aanze na ipi? Jibu langu siku zote linatoka kwenye hizi tatu, zote za Hollywood, zote za kuchekesha, zote zimetengenezwa ndani ya miaka minne: Safety Last! ya Harold Lloyd (1923), The Gold Rush ya Charlie Chaplin (1925) na The General ya Buster Keaton (1926). Hazifanani hata kidogo. Ukianza na isiyokufaa utasema sinema bubu ni mambo ya kale yaliyojifia, na hutazigusa tena. Kwa hiyo nazipanga hapa bega kwa bega, pamoja na yale yaliyotokea nyuma ya kamera, maana kwa picha hizi ukijua jambo dogo mapema, macho yako yanaona kitu kingine kabisa.

Saa: Safety Last!

Kama kuna watoto sebuleni, au mzee anayeanza kusinzia saa mbili usiku, weka hii. Haihitaji utangulizi. Kijana wa mji mdogo anakwenda mjini kutafuta maisha, anapata kazi ya kuuza vitambaa dukani, na kwenye barua anamdanganya mchumba wake kwamba ameshakuwa mtu mkubwa. Nani hamjui kijana huyu? Kila ukoo una mmoja. Mchumba anafunga safari kumfuata, na uongo unaanza kumbana. Meneja anaahidi dola 1,000 kwa atakayeleta wazo la kuvuta wateja, kijana anapendekeza rafiki yake apande ukuta wa jengo la ghorofa 12 mbele ya umati, lakini siku yenyewe rafiki anakimbizwa na polisi. Inabidi apande mwenyewe.

Picha nzima ni kama dakika 73, na kupanda huko kunachukua sehemu yote ya mwisho. Kila ghorofa ina balaa lake: njiwa, wavu, saa, panya anayeingia ndani ya suruali. Mtoto wa miaka mitano anaelewa kila kitu bila kusoma hata kibao kimoja cha maandishi, vile vinavyojitokeza katikati ya picha kueleza maneno.

Sasa ule mkono. Agosti 1919 Lloyd alikuwa anapigwa picha za matangazo, akapewa bomu la kuigizia awashie sigara kwa utambi wake. Kumbe lilikuwa na baruti ya kweli. Likalipuka mkononi, likamkata gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kwa muda akawa haoni. Alipopona alishonewa glavu maalumu, akarudi kazini, na hakupenda watazamaji walijue jambo hilo. Alitaka wacheke, si wamhurumie. Kwa hiyo mtu unayemwona akiikamata saa ile ana vidole vinane.

Je, alikuwa juu kweli? Ndiyo na hapana, na jibu lote ni tamu. Walijenga kipande cha ukuta juu ya paa la jengo halisi katikati ya Los Angeles, kisha wakaiweka kamera kwa pembe inayoficha paa na kuonyesha barabara iliyo mbali kule chini. Kijana akipanda ghorofa kadhaa, wao wanahamia paa la jengo refu zaidi. Chini ya Lloyd, nje ya picha, palikuwa na jukwaa lenye magodoro. Pale anapoonekana kwa mbali, mdogo kama mjusi ukutani, mpandaji ni mwingine. Bill Strother, yule aliyeigiza rafiki yake, ndiye hasa aliyekuwa mpanda majengo. Lloyd alimwona siku moja akipanda jengo mjini Los Angeles, akapata wazo la picha nzima. Mtu mwingine aliyesaidia kumpandia, Harvey Parry, alikaa na siri hiyo mpaka Lloyd alipofariki mwaka 1971.

Wapo wanaosema siri hiyo inaipunguzia picha utamu. Mimi nakataa. Jukwaa lenye magodoro pembeni mwa paa si kitanda cha nyumbani, na yule ni mtu ambaye mkono wake ulishalipuka mara moja.

La kuwaambia watoto mapema: kuna sonara Myahudi aliyechorwa kwa dhihaka, kama ilivyokuwa kawaida ya picha za enzi zile. Linapita haraka, lakini lisipite bila kusemwa.

Na msichana anayeigiza mchumba, Mildred Davis, aliolewa na Lloyd kweli, Februari 1923, miezi miwili kabla picha haijatoka.

Kiatu: The Gold Rush

Hii ni ya watu wazima wanaojua njaa ni nini, au upweke ni nini. Watoto wataipenda, ila watacheka pale ambapo wewe utajikuta umenyamaza.

Chaplin ni mtafuta dhahabu aliyenaswa na dhoruba kwenye kibanda cha mbao huko Klondike, eneo la dhahabu kaskazini mwa Kanada, pamoja na bonge la mtu aitwaye Big Jim. Chakula kimekwisha. Sikukuu imefika, naye anapika kiatu chake. Tazama anavyokiandaa: anakichoma kwa uma kujua kama kimeiva, anakimwagia mchuzi, anakikata kwa adabu zote za mezani. Kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi. Soli ina misumari, na kila msumari anaufyonza taratibu, macho yamefumba nusu, kama mtu anayenyonya mfupa wa kuku wa pilau. Kiatu kile kilitengenezwa kwa pipi nyeusi ya urukususu, na tukio hilo lilipigwa tena na tena kwa siku kadhaa, kwa hiyo unachokiona ni mtu aliyekula viatu vingi sana.

Kinachonigusa ni kwamba hakuigiza njaa ya kusimuliwa. Chaplin alizaliwa London mwaka 1889, na akiwa na miaka saba alipelekwa kwenye nyumba ya kuhifadhi maskini. Mama yake, mwimbaji wa jukwaani, alipoteza akili na kulazwa zaidi ya mara moja. Ukilijua hilo, ule umakini wake mezani unaueleza moyo wake vizuri kuliko maandishi yoyote.

Mengine ya kutupia jicho: mwanzoni kuna mstari wa mamia ya watu wanaopanda mlima wa theluji. Hao ni watu halisi kwenye theluji halisi, karibu na Truckee, California, wengi wao wakiwa watu wasio na makazi waliosombwa kwa treni kwa ajili ya siku hiyo. Karibu yote yanayofuata ni studio, na theluji yake ni chumvi, unga na plasta. Chumvi pekee ilizidi tani 200. Big Jim anapozidiwa na njaa na kumwona mwenzake amegeuka kuku, hapakuwa na kompyuta ya kusaidia: walizungusha filamu nyuma ndani ya kamera ileile na kupiga tena juu yake, na aliyemo ndani ya manyoya ya kuku ni Chaplin mwenyewe. Na ile ngoma maarufu ya mikate miwili iliyochomwa kwenye uma? Mchekeshaji Roscoe Arbuckle aliicheza kabla yake, kwenye picha fupi ya 1917 ambayo Buster Keaton naye yumo. Ya Arbuckle inachekesha. Ya Chaplin inachoma moyo, kwa sababu anaicheza ndotoni, mbele ya wageni ambao hawakutokea.

Lipo na la aibu. Msichana aliyechaguliwa mwanzo kuigiza, Lita Grey, alipata mimba ya Chaplin akiwa bado mtoto. Wakaoana Novemba 1924, yeye miaka 16, Chaplin 35, na nafasi yake ikachukuliwa na Georgia Hale. Siwezi kumsifia mtu huyu nikaliruka hilo.

Ukiichagua hii, una uamuzi mwingine wa kufanya, kwa sababu ziko mbili. Ya 1925 ina dakika kama 95 na vibao vya maandishi. Mwaka 1942 Chaplin aliikatakata, akaondoa maandishi, akaiwekea muziki aliotunga, na akaisimulia kwa sauti yake mwanzo hadi mwisho. Ikabaki dakika kama 72. Hata busu la mwisho alilikata. Wapenzi wengi wa sinema bubu wanaichukia ya 1942. Kwa msomaji wa Kiswahili mimi nasema vingine. Sisi tuliokulia kwenye banda la video tumezoea sauti ya msimulizi juu ya picha. Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya wametufundisha kuangalia picha huku mtu akitutafsiria vituko. Kama nyumbani mna mtu anayechoka kusoma, na Kiingereza kinamwendea vizuri, anza na ya 1942. Kama mnaweza kusoma vibao na kumtafsiria bibi kwa sauti, basi ya 1925 ni bora, na mtafsiri atakuwa mmoja wenu.

Gari moshi: The General

Hii naipenda kuliko zote, na ndiyo nisiyomshauri mtu aanze nayo.

Nimeona watu wakishindwa nayo dakika ya kumi. Keaton hakuombi ucheke. Hatabasamu, uso wake ni jiwe, na kichekesho chake kinajengwa polepole kama fundi anavyopanga tofali. Ukitazama simu kidogo tu, umekosa tofali la chini na la juu yake halitakuchekesha. Itazame peke yako au na mtu mmoja anayejua kutulia. Ni kama dakika 75.

Sehemu ya hadithi ni ya kweli. Tarehe 12 Aprili 1862, mwaka mmoja kamili tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vianze, watu wa upande wa Kaskazini waliovaa kiraia, wakiongozwa na James Andrews, waliiba kichwa cha treni kiitwacho General kwenye kituo cha Big Shanty, Georgia, wakati abiria na wafanyakazi wameshuka kunywa chai ya asubuhi. Kondakta William Fuller akaanza kuwafukuza kwa miguu, kisha kwa kitoroli cha reli, kisha kwa vichwa vya treni alivyovikuta njiani. Wakakamatwa. Andrews na wenzake saba walinyongwa, na baadhi ya walionusurika wakawa watu wa kwanza kupewa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani.

Keaton aliigeuza. Staringi wake ni dereva wa treni aliyeibiwa, Johnnie Gray, na dereva huyo ni wa Kusini, yaani upande uliopigania utumwa. Hoja ya Keaton ilikuwa kwamba watazamaji hawatakubali kuwaona watu wa Kusini wakifanywa maadui. Picha nzima hailigusi suala la utumwa. Mimi Mwafrika siwezi kuiangalia nikasahau jambo hilo, na mpwa wangu hataiangalia kabla hajaelezwa. Hii ndiyo sababu yangu ya pili ya kusema usianze nayo.

Basi kwa nini naipenda hivyo? Kwa sababu ya chuma na mwili. Kuna tukio moja dogo mwanzoni: Johnnie amekataliwa na msichana kwa kuwa hakuandikishwa jeshini, anakwenda kuketi kwenye kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya kichwa cha treni, amejiinamia. Treni inaondoka. Chuma kinampandisha na kumshusha, kinampandisha na kumshusha, naye hana habari kwa jinsi alivyozama kwenye huzuni. Ni jambo jepesi kulitazama. Lakini dereva angeachia mvuke kwa pupa, magurudumu yangeteleza na kuzunguka ghafla, na Keaton angerushwa au kusagwa. Hakuna magodoro hapo, wala mtu wa kumwigizia.

Baadaye anaketi mbele kabisa ya treni inayotembea, amekumbatia taruma zito la reli, na mbele yake kuna taruma jingine limelazwa njiani. Ana nafasi moja. Analitupa la mkononi, linaangukia ncha ya lile jingine, yote mawili yanaruka nje ya reli, treni inapita. Irudishe nyuma mara tatu kama nilivyofanya mimi, utafute mahali palipokatwa. Hutapaona.

Na lile daraja. Lilikuwa Julai 23, 1926, kwenye mto Row karibu na Cottage Grove, Oregon. Maelfu ya watu walikuja kutazama. Kamera sita zilipangwa, kichwa cha treni halisi kikaachiwa kipite juu ya daraja linaloungua na kutumbukia mtoni, mara moja tu, bila majaribio wala kurudia. Sekunde hizo chache ziligharimu dola 42,000, na hutajwa kuwa tukio ghali kuliko yote katika sinema bubu. Kichwa kile kililala mtoni miaka mingi, mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipohitaji chuma chakavu. Wanajeshi unaowaona wakipigana ni wa jeshi la akiba la Oregon, kama 500, waliovaa sare za bluu wakicheza upande mmoja, kisha wakabadili za kijivu na kucheza upande wa pili. Cheche za treni zilizokuwa zikitumia kuni ziliwasha moto porini, na watu wakavua makoti ya sare kuuzima.

Picha ilianzia kuonyeshwa Tokyo, Desemba 31, 1926, mahali ambapo kila sinema bubu ilikuwa na msimulizi wake aliyesimama kando ya kitambaa. Nyumbani Marekani haikupendwa. Ilikuwa imekula kama dola 750,000, na baada yake uhuru wa Keaton ulianza kubanwa. Mwaka 1928 akajiunga na MGM, studio kubwa ya Hollywood, hatua ambayo mwenyewe baadaye aliitaja kuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipochagua picha 25 za kwanza za kuhifadhiwa kwa heshima ya taifa, The General ilikuwemo. Keaton alikuwa ameshafariki miaka 23 kabla ya hapo.

Kwa nini hizi tatu zimetufikia

Kabla hujachagua, ujue kwamba hata kuwa na nafasi ya kuchagua ni bahati. Kati ya filamu ndefu karibu 11,000 za bubu zilizotengenezwa Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Filamu za wakati ule zilikuwa za nitrati, kitu kinachooza kikihifadhiwa vibaya na kuwaka kwa ukali wa ajabu. Nyingine ziliyeyushwa kwa makusudi ili kutoa madini ya fedha yaliyomo.

Chaplin alizimiliki filamu zake kubwa, akazitunza. Lloyd naye alizimiliki, na alikuwa tajiri. Katika miaka ya 1920 filamu zake kwa jumla ziliingiza zaidi ya za Chaplin, kwa kuwa alitoa nyingi zaidi. Lakini alikataa televisheni izikatekate kwa matangazo, na hapo akajiumiza: kizazi kizima kikamjua Chaplin na kumsahau yeye. Mwaka 1943 moto uliteketeza sehemu ya akiba yake nyumbani kwake Beverly Hills. Keaton hakuwa na chake. Nyumba yake ya kifahari ilishauzwa, na katika miaka ya 1950 ndipo mwigizaji James Mason, aliyekuwa akiishi humo, alipokuta filamu za Keaton zimefungiwa zikianza kuoza, akahakikisha zinaokolewa.

Kwa hiyo usiipoteze bahati hiyo kwa nakala mbovu. Kamera zilizungushwa kwa mkono, kasi haikuwa moja, na nakala nyingi za bure mtandaoni zinakwenda mbio mpaka watu wanaonekana kama kuku waliotishwa. Ukiona mtu anatembea kwa kurukaruka, funga, tafuta nyingine iliyokarabatiwa. Sikiliza na muziki: sinema bubu haikuwahi kuonyeshwa kimya, kulikuwa na piano, kinanda au bendi nzima ukumbini. Safety Last! na The General zina muziki uliotungwa na Carl Davis, unaofuata kila hatua ya mguu. Nakala yenye muziki wa kubandika tu itakulaza usingizi.

Mpangilio wangu, basi, ni huu: Ijumaa yenye watoto, saa; usiku mnapokuwa wawili, kiatu; gari moshi, subiri siku ambayo nyumba imetulia. Ukihofia kwamba Keaton atakushinda, mwonje kwanza kwenye Sherlock Jr. ya 1924, dakika 45 tu. Humo kuna mahali anapokimbia juu ya mabehewa ya treni na kuning'inia kwenye bomba la tangi la maji. Maji yanamshukia kwa nguvu, anaangukia relini, kisogo kikigonga chuma. Aliumwa kichwa vibaya, akaendelea na kazi. Miaka kadhaa baadaye daktari akiitazama eksirei yake ndipo alipogundua kwamba siku ile shingo ilivunjika. Hawakulikata anguko lile; limo kwenye picha, naye anainuka na kukimbia zake.